Stika ya bima haifuati gari: jibu kwa ndugu aliyenunua Fielder

Ndugu wa Nakuru, umeuliza mambo mawili. Gari uliyonunua, Toyota Fielder, ina stika ya bima (cheti cha kuonyesha gari lina bima) ya mwenyewe wa kwanza ambayo bado ina miezi mbele: je, uitumie hadi iishe? Na ikiisha, thadi pati, yaani bima ya kuwalipa watu wengine unaowaumiza, itakutosha? Mimi niko Kisumu, nimelipwa na bima na nimeona majirani wakinyimwa, kwa hivyo nitajibu kwa urefu.

Stika hiyo si yako. Bima ni mkataba wa kampuni na mtu, na mtu huyo ni aliyekuuzia. Ukigonga mtu kesho, kampuni ina haki ya kusema haikujui. Polisi kukutazama na kukuruhusu upite hakubadilishi lolote. Chukua bima yako siku ileile unayochukua gari, kwa mkataba wa mauzo, hata kama uhamisho wa umiliki kule NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, haujakamilika. Na ulipie kwanza: sheria ya Kenya hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya malipo, kwa hivyo wakala anayekuambia "endesha tu, utatuma pesa mwisho wa mwezi" anakuweka pabaya.

Sasa thadi pati. Sura ya 405 ya sheria za Kenya inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya kifo na majeraha ya watu wengine. Kikomo ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na mahakama ikimpa aliyeumia zaidi ya hapo, salio linakudai wewe. Fielder yako yenyewe haimo. Ikiibwa au ikiungua, hupati chochote. Watu wengi pia hudhani abiria wa gari la kibinafsi wamo humo moja kwa moja. Sheria hiyo haikulazimishi kuwawekea bima wale uliowapa lifti, kwa hivyo uliza kama mkataba wako unawataja.

Hapo ndipo linaingia jambo linaloniuma sana huku kwetu. Toyota Probox zenye bima ya matumizi ya kibinafsi hubeba abiria wa kulipa kila siku, Kisumu kwenda Busia, Kakamega kwenda Mumias, na wenyewe wanaamini stika ni stika. Jirani yangu, ambaye bima yake ililinda hata gari lenyewe, aliamini hivyo. Gari lilipopinduka, mpelelezi wa bima alikwenda hospitalini na kuwauliza majeruhi kama walilipa nauli. Wakasema ukweli, kama ambavyo mtu yeyote angesema akiwa na mguu uliovunjika. Kampuni ikakataa kutengeneza gari, maana hatari iliyoandikwa kwenye mkataba haikuwa ile iliyokuwa barabarani. Ukipanga kubeba watu kwa pesa, hata wikendi tu, sema mapema ulipie bima ya abiria. Ni ghali zaidi, ndiyo, lakini wanaobebwa ni watu.

Kuhusu bima kamili, ile ya komprehensivu: ukiweza, ichukue. Ila usidhani inalipa kila kitu. Kuna eksesi, kiasi unachobeba mwenyewe kwa kila ajali, ambacho mara nyingi ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Kwa gari la 900,000 hiyo ni 22,500. Nilipogongwa kwa nyuma na pikapu karibu na Mamboleo, dereva wake alitaka tumalizane pale pale kwa pesa kidogo. Nilikataa. Tulikwenda kituoni, tukaandikisha, nikachukua abstrakti (karatasi ya polisi ya kuthibitisha ajali), nikapiga simu kwa kampuni siku hiyo hiyo, na sikuahidi wala kukubali chochote, kwa sababu mikataba hukataza mwenye bima kukubali kosa au kulipa bila idhini yao. Gari lilikaguliwa kabla fundi hajaligusa. Kosa halikuwa langu, na bado nililipa eksesi kwanza, kisha kampuni yangu ikaifuata kampuni ya pikapu kudai fedha zote, pamoja na zangu. Ilichukua muda, lakini zilirudi.

Thamani ya gari usiicheze. Ukiandika 1,200,000 kwa gari la 900,000, likiharibika kabisa utalipwa bei ya soko na ziada uliyolipia imekwenda bure. Ukiandika 600,000 ili ulipe kidogo, kampuni inaweza kukuhesabu kama uliyeweka bima theluthi mbili tu, na matengenezo ya 150,000 yakalipwa 100,000.

Kitu kingine ambacho sisi wa Kisumu tunakijua vizuri, na Nakuru mmekionja 2024: maandamano. Gari likivunjwa vioo au kuchomwa katika vurugu za kisiasa, bima kamili ya kawaida mara nyingi hailipi hadi uwe umeongeza kipengele cha vurugu za kisiasa na ugaidi. Nyongeza yake ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kioo cha mbele. Mimi siachi kuilipia.

Na kwa kuwa umesema utakuwa ukienda Uganda kununua mahindi: stika ya Kenya haikulindi ukishavuka Busia au Malaba. Nunua Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kuvukia mpaka inayotambuliwa na nchi za soko hilo la pamoja la Afrika, kupitia kampuni yako kabla hujafika mpakani. Hiyo nayo ni ya kuwalipa watu wengine utakaowaumiza au kuwaharibia mali kule. Ili Fielder yenyewe ilindwe ng'ambo, omba kampuni ipanue eneo la mkataba na uhakikishe limeandikwa. Neno la wakala kwenye simu halitoshi.