Mpenzi wa muvi aende wapi likizo?

SWALI: Mambo, mi napenda muvi kupita maelezo na likizo hii nataka niende sehemu iliyoigiziwa muvi, ila iwe hapahapa Bongo maana hela ya Ulaya sina. Unanishauri wapi?

JIBU: Poa sana ndugu yangu, nenda Momella, Arusha! Kule ndo walipiga muvi ya Hatari! ya mwongozaji Howard Hawks iliyotoka 1962, John Wayne yumo, na kusema ukweli stori yake naiona ndefu bila sababu lakini zile sini za kukimbiza wanyama na magari kwenye vumbi ni za kweli kabisa, hamna kompyuta pale, mpaka leo nikiziangalia moyo unanienda mbio. Mwigizaji mwenzake, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda hadi akanunua shamba hukohuko. Ukiwa Hifadhi ya Arusha utaona maziwa ya Momella, flamingo na Mlima Meru, tena unaruhusiwa kutembea kwa miguu na askari wa hifadhi, usiikose hiyo.

Zanzibar pia kuna tamasha la filamu la ZIFF, lipo tangu 1998, muvi zinaonyeshwa Ngome Kongwe usiku nje kabisa. Cheki tarehe kwanza kabla hujakata tiketi ya boti.