Re: Binti anataka kujitoa kwenye shindano, nimwonyeshe filamu gani?

Salamu kutoka Ujiji, dada. Umesema binti yako wa darasa la sita hapo Tabora mjini amechaguliwa kwenye shindano la tahajia ya Kiingereza, sasa woga umemshika anataka kujitoa. Kwanza pima kama anafuata Kiingereza cha Wamarekani, maana filamu ninayokutajia ni ya huko. Wangu hakukifuata, nikawa nasimamisha na kumweleza.

Sisi tuliangalia Akeelah and the Bee ya mwaka 2006, ya msichana anayeingia shindano la tahajia kama la binti yako. Akeelah ana miaka 11, anaishi kusini mwa Los Angeles, baba yake amefariki, na mwanzoni anaficha akili zake shuleni asije akachekwa. Hapo mwanangu alinyamaza kabisa. Halafu kuna pale anapogundua kwamba akiruka kamba herufi zinamjia kwa mdundo. Hilo ndilo lililotusaidia! Jioni tulikuwa tunaruka uani, neno baada ya neno, na wiki ya pili akawa anataja herufi bila kutetemeka.

Msikimbilie mwisho, mtaa mzima unapomsaidia kukariri ni pazuri mno. Kwa wadogo wa darasa la kwanza sijajaribu; inakaribia saa mbili.