Nguvu ya akiba ya mgonjwa hupimwa hata bila sindano

Pole sana dada kwa kuuguza. Umeuliza kama kuna namna ya kujua mama amebakiwa na nguvu kiasi gani kabla ya upasuaji, bila kuchomwa tena. Ipo, na moja mnaweza kuifanya nyumbani.

Egemeza kiti imara ukutani. Mama akae, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kukaa mara 5 haraka awezavyo, nawe uko karibu usije ukamwacha akaanguka. Akizidi sekunde 15, misuli ya miguu imedhoofika. Akishindwa kuinuka bila kushika kitu, hilo nalo ni jibu, tena zito. Kama ana maumivu ya kifua, kizunguzungu au anahema akiwa amekaa tu, msijaribu kabisa, mpelekeni hospitali.

Hospitalini waombeni kipimo cha kutembea dakika 6: wanapima umbali aliokwenda, na kifaa cha kidoleni kinaonyesha kama oksijeni inashuka. Wengine wana kifaa cha kubana kwa kiganja, kinachopima nguvu ya mkono. Kwa mwanamke, akibana chini ya kilo 16 ni udhaifu.

Mimi ningeanza na mizani. Akiwa amepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 bila kukusudia, mwambieni daktari wa usingizi mapema, maana lishe na mazoezi mepesi kabla ya upasuaji vinaweza kumwongezea nguvu. Damu bado atatolewa, hasa ya kupima wingi wa damu na figo.