1728 ya nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mwaka 1728 ukumbukwe kwa tukio gani, au kwa kuzaliwa kwa nani?" Swali zuri, lakini limenichoma mahali. Linauchukulia mwaka kama gunia: unalifungua, unamwaga, unahesabu kilichomo. Mimi kabla sijachagua mtu nataka kujua ni 1728 ya nani.

Mchukueni James Cook, yule baharia mvumbuzi wa Uingereza, ambaye bila shaka atapata kura nyingi. Alizaliwa Marton, Yorkshire, tarehe 27 Oktoba. Vitabu vingine vinasema 7 Novemba, na vyote vimesema kweli. Uingereza ilikuwa ingali na kalenda kongwe ya Julius, iliyokuwa nyuma kwa siku 11 ya kalenda ya Gregori tunayoitumia leo, na haikuiacha mpaka 1752. Denmark ilishahamia ya Gregori tangu 1700, kwa hiyo ule moto ulioteketeza sehemu kubwa ya Copenhagen pamoja na maktaba ya chuo kikuu, 20 hadi 23 Oktoba, kwa Mwingereza ni 9 hadi 12. Wengi hukumbuka kuongeza hizo siku 11 kisha wakateleza kwenye mwaka wenyewe, maana mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza 25 Machi. Hati ya London iliyoandikwa 10 Februari 1727 kwetu ni 21 Februari 1728, siku aliyozaliwa huko Kiel mtoto aliyekuja kuwa Tsar Peter III wa Urusi. Ukiongeza siku bila kugusa mwaka, umemkosa mtoto kwa mwaka mzima.

Huko si kwetu lakini. Kwetu 1728 ni Mombasa.

Ngome ya Yesu ilikuwa mikononi mwa Waomani tangu Desemba 1698, baada ya mzingiro wa miezi 33. Miaka ya 1720 Oman yenyewe ikawaka vita vya wao kwa wao kugombea uimamu, na Pate, mji wa kisiwani huko Lamu, iliyochoka na Waomani, ikawaendea Wareno wa Goa, makao yao huko India. Merikebu zikaja na kaskazi chini ya Luís de Mello de Sampaio, na kwa msaada wa mfalme wa Pate ngome ikachukuliwa Machi 1728. Safari hii haikuhitaji miezi 33. Hapo ndipo orodha nyingi za matukio hukoma: "1728, Wareno warudi Mombasa." Nukta.

Ila jambo lenyewe halikuishia hapo, na ufunguo wake ni pepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na ndiyo inayoleta chombo kutoka Goa. Kuanzia Aprili kusi inashika, na anayetoka Goa kuja huku atapigana na upepo unaomjia usoni. Basi tazameni Wamvita, watu wa Mombasa, walipowainukia Wareno: Aprili 1729. Kaskazi imekwisha, kusi ndiyo kwanza inaingia. Kikosi kilichojifungia ngomeni hakingeweza kupata merikebu, unga wala baruti kutoka Goa kabla ya mwisho wa mwaka. Kuta za matumbawe zile hazikuhitaji kuvunjwa. Zilihitaji kuzungukwa tu mpaka chakula kiishe. Novemba 1729, kaskazi ikiwa karibu kurudi, Wareno wakasalimu amri na kuondoka. Wangestahimili wiki chache zaidi pengine tungesimulia mengine. Kama uasi ule ulipangwa kwa kuhesabu pepo siwezi kuapa, ila mji wa mabaharia haukosi kujua mwezi gani mlango wa bahari unafungwa.

Tena ukiiweka Aprili hiyo katika hesabu ya Wamvita wenyewe, unaona jambo ambalo 1729 inalificha: ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mwaka 1141 wa Hijria. Ngome ilikuwa imeangukia kwa Wareno mwishoni mwa Rajabu, au labda mwanzo wa Shaabani, 1140.

Mwaka huo wa 1141 ndio ulionifanya nishike kalamu. Ndiyo tarehe ya nakala kongwe ya Utenzi wa Tambuka, wa Bwana Mwengo, uliotungwa Pate. Kila mahali mtasoma "1728". Hesabu ya haraka ni hii: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622. Mnapata 1728.77. Watu wanakata desimali, wanaandika 1728, wanalala. Lakini 1 Muharamu 1141 iliangukia 7 Agosti 1728, na mwaka ukaisha 26 Julai 1729. (Zidisheni au punguzeni siku moja au mbili kwa kuandama kwa mwezi, na kumbukeni siku ya Kiislamu huanza magharibi.) Siku 147 ziko 1728, siku 207 ziko 1729. Na kinachonukuliwa ni mwaka tu, bila mwezi. Mcheza kamari angeweka pesa zake kwenye 1729.

Kwa hiyo nilikusudia kuwaambia swali limekufa. Sasa naona sivyo. Utenzi wa vita vya Waislamu na Herakli mfalme wa Rumi, umeandikwa katika mji ambao mtawala wake alikuwa ametoka kuwasindikiza Wakristo mpaka Mombasa, ndani ya mwaka uleule ambao Mombasa iliwainukia! Simsingizii mshairi kwamba alimpiga mfalme wake kijembe. Kisa chenyewe ni kikongwe kuliko Pate.

Kura yangu ni Tambuka, hata kama baada ya kelele zote hizi huenda si ya 1728. Mkiichapisha, andikeni 1141, kisha 1728/29 kwa mkwaju. Cook awe wa pili, na mumpe tarehe zake zote mbili.