Homa kwa aliyepandikizwa ini: maswali kutoka Mafinga hadi Tukuyu

Shikamoo daktari. Mume wangu alipandikizwa ini India, sasa ni mwezi wa tatu. Juzi jioni alipanda joto hadi 38.1. Duka la dawa walituambia ni UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) wakatupa vidonge, na leo joto limeshuka. Tumalizie dozi? (Mama wa Mafinga)

Marahaba mama. Mpeleke hospitali leo hii, na pakiti ya hivyo vidonge uiweke kwenye mkoba. Kwa aliyepandikizwa ini, nyuzi 38 zinatosha kumtoa mtu nyumbani hata iwe saa nane ya usiku. Joto kushuka halitupi amani, kwa sababu prednisoloni, moja ya dawa za kushusha kinga, hufunika homa. Mtu anaweza kuwa na usaha tumboni huku kipimajoto kinasoma 37.

Mtaulizwa kwanza ana muda gani tangu upasuaji. Mwezi wa kwanza tunawinda bakteria wa hospitali: kwenye kidonda, tumboni, kwenye mapafu, kwenye mpira wa mkojo na wa mshipani. Mwezi wa pili hadi wa sita, dawa za kushusha kinga zikiwa bado kali, huamka vimelea waliokuwa wamelala mwilini, hasa kirusi kiitwacho sitomegalovirusi na kifua kikuu (TB), na fangasi nao hupata mwanya. Baadaye huwa zaidi magonjwa ya kila mtu, kama nimonia na UTI ya kweli.

Kwa mwezi wa tatu basi, aoteshwe damu na mkojo maabara, kuona kama kuna bakteria, kabla ya antibayotiki nyingine yoyote, apimwe picha kamili ya damu, ini, figo na hicho kirusi, apigwe eksirei ya kifua na utrasaundi ya ini. Kama ametoka Kyela karibuni, malaria isisahaulike. Vile vidonge vya dukani vinaweza kuufanya uoteshaji usioneshe kitu wakati bakteria wapo. Ndiyo maana daktari lazima aione pakiti.

Kama anatetemeka kwa baridi, macho ni ya manjano, mkojo ni kama chai ya rangi na choo kimepauka, tunashuku mirija ya nyongo. Pale mrija wa ini jipya ulipounganishwa na mwili wake panaweza kusinyaa. Nyongo ikituama, bakteria huzaliana humo, na sindano ya antibayotiki peke yake haitamponya mpaka njia ifunguliwe. Mwenye dalili hizi asingoje basi la asubuhi.

Nimekohoa wiki tatu, nimekutwa na TB. Nianze dawa kama wengine? (Msomaji, Iringa mjini)

Uanze, lakini si kama wengine. Rifampisini, moja ya dawa za TB, hulichochea ini kuvunja takrolimasi, dawa yako ya kushusha kinga, haraka mno. Kiwango kikiporomoka, mwili huanza kulikataa ini. Na kwa kuwa vidonge vya TB vya siku hizi vina dawa nne ndani ya kimoja, huwezi kuiruka rifampisini mwenyewe. Kliniki ya TB na waliokupandikiza waongee kabla ya dozi ya kwanza: ama itumike rifabutini, ndugu yake asiyelichochea ini sana, ama takrolimasi ipandishwe huku damu ikipimwa mara kwa mara. Ini nalo lipimwe, maana isoniazidi na pirazinamidi zilizomo humo zinaweza kuliumiza.

Siku ya kupima takrolimasi usimeze dozi ya asubuhi. Damu itolewe kwanza, saa 12 baada ya dozi ya jioni, ndipo umeze. Wengi hukosea hapa: humeza kwanza, kipimo kinasoma juu, kisha dozi inapunguzwa bure.

Flukonazoli (dawa ya fangasi), na antibayotiki erithromaisini na klarithromaisini, hufanya kinyume: huipandisha takrolimasi, mikono ikatetemeka na figo zikaumia. Zote hupatikana maduka ya dawa, tena mara nyingine bila hata kuulizwa cheti.

Naharisha siku ya pili. Niongeze takrolimasi, maana naona inatoka yote? (Kijana wa Mbalizi)

Usiongeze hata kidonge kimoja. Utumbo ukiharisha, takrolimasi nyingi zaidi huingia kwenye damu, si pungufu. Kunywa maji ya chumvichumvi (ORS), upime takrolimasi, figo na choo. Chanzo kinaweza kuwa maji, mikofenoleti (dawa nyingine ya kushusha kinga), au sitomegalovirusi, kile kirusi cha hapo juu.

Maziwa ya ng'ombe wetu na ulanzi, vinaruhusiwa? (Tukuyu)

Maziwa yatokote kwanza. Mtindi wa maziwa mabichi hapana: kuganda hakuui bakteria wa brusela, wala wa listeria, wala wa TB ya ng'ombe. Ulanzi ni pombe, kwa hiyo hata ungechemshwa jibu ni lile lile. Balungi pia uliache, hupandisha takrolimasi.

Baba anataka kupukuchua mahindi. Ana miezi minne tangu apandikizwe. (Makambako)

Mwaka huu awaachie vijana. Vumbi la mahindi yenye ukungu hubeba fangasi wa aspajilasi, na wakishaota kwenye mapafu ya mtu wa namna hiyo kuwatoa ni kazi kubwa mno. Banda la kuku na la njiwa asilifagie. Shambani akienda kutazama tu, avae buti: kuna minyoo wanaopenya ngozi ya mguu kutoka kwenye udongo, na kinga ikiwa chini huzaliana bila kikomo.

Mjukuu anayelala kwetu anakaribia chanjo ya polio ya matone. (Babu aliyepandikizwa, Njombe)

Mtoto achanjwe, ila kliniki waambiwe kuna babu aliyepandikizwa, waone kama ya sindano itafaa peke yake. Akishapewa matone, babu asimbadilishe nepi kwa wiki sita, na anayembadilisha anawe mikono kwa sabuni. Wewe mwenyewe, babu, usichanjwe surua, homa ya manjano wala tetekuwanga, kwa kuwa ni vimelea hai. Ya mafua ya sindano na ya nimonia ni zako, uziulizie kliniki.