Maswali ya Wasomaji: Sabaki na Rangi ya Bahari

SWALI: Kila Novemba bahari hapa Malindi hugeuka kahawia, hata wiki ambazo kwetu halijadondoka tone. Mbona Mei, mto ukiwa umefurika vilevile, tunapata nafuu? (Msomaji, Shela, Malindi)

JIBU: Mvua hiyo imenyesha bara. Sabaki ni jina la mwisho la mto wa kilomita 390 hivi. Juu huitwa Athi, unaotoka upande wa vilima vya Ngong, ukapokea mto Nairobi, ukapita Fourteen Falls na kuambaa na uwanda wa Yatta hadi Tsavo Mashariki. Hapo huungana na mto Tsavo, unaopata maji maangavu ya chemchemi za Mzima yaliyochujwa na mawe ya volkano ya Chyulu, na kuanzia makutano hayo huitwa Galana.

Udongo mwingi hukokotwa kutoka mashamba ya miinuko ya juu. Teka maji ya mto ulipofurika, uyaache gilasini. Mchanga hutua mara moja, lakini udongo laini huelea saa nyingi, na gilasi nzima ikawa rangi ya chai ya maziwa. Ukikutana na chumvi, sehemu yake hugandana ikazama karibu na mlango wa mto. Uliobaki huchukuliwa na bahari.

Uende wapi? Hapo huamua upepo. Wakati wa kusi, tope huelekea kaskazini, upande wa Mambrui, ndiyo sababu Mei mna nafuu. Vuli ikifurisha mto, kaskazi nayo inaanza kuvuma na kulirudisha kusini, ndani ya ghuba yenu, mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Hilo linatuuma: tope huziba mwanga na kuyafunika matumbawe. Watafiti waliopima bariamu, madini yanayoletwa baharini na udongo wa mto, katika tumbawe la Malindi la umri wa miaka 300 hivi waliona udongo ukiongezeka tangu mwanzo wa karne ya 20, ardhi ya bara ilipozidi kulimwa.

Anayetaka kuzamia na kuona vizuri asubiri Februari au Machi, mto ukiwa umepungua. Vuli ikianza, aulize habari za mvua ya Machakos kabla ya kukodi mashua.

SWALI: Maji yakipwa, naweza kuvuka mlango wa Sabaki kwa miguu? (Msomaji, Mambrui)

JIBU: Hapana. Mafungu ya mchanga huhama, palipokuwa magotini jana leo ni shingoni, na pana viboko na mamba. Pita darajani.