Kondoo wangu anamkubali pacha mmoja na kumkataa wa pili. Nimuuze?

Swali: Daktari, nafuga kondoo aina ya Dorper hapa Ol Kalou, Nyandarua. Wengi wanazaa mapacha, lakini mara nyingi mama humchukua mmoja na kumpiga vichwa wa pili, au namkuta mmoja amekufa kabla ya siku tatu kuisha. Wakizaa usiku nawahamishia bandani papo hapo ili baridi isiwaue. Je, niwauze wote wanaokataa watoto?

Jibu: Usiwauze kwanza. Huko kuwahamisha papo hapo ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi.

Saa za mwanzo kondoo humtambua mwanawe kwa harufu. Mtoto anapopita kwenye mlango wa kizazi, kule kutanuka hufanya ubongo wa mama umwage homoni ya oksitosini, na kwa muda mfupi yale majimaji ya uzazi, ambayo siku nyingine angeyakimbia, humvutia mno. Huyalamba, na anapolamba anajifunza harufu ya huyo mtoto. Ndani ya saa chache huwa ameshachagua: mwenye harufu anayoijua atanyonya, asiye nayo atapigwa kichwa. Sasa ukimbeba wa kwanza wakati wa pili bado yuko tumboni, au ukamfuta mmoja kwa gunia hadi akauke, umemwondolea mama kitu ambacho angekitumia kumtambua mwanawe.

Kwa hiyo hamisha mama kabla ya kuzaa. Mimba ya kondoo ni siku 147 hadi 150. Kuanzia siku ya 140 alale bandani penye nyasi kavu na ukuta unaozuia upepo. Akizaa, kaa mbali utazame. Msogelee tu ikiwa utando umeziba pua ya mtoto au mama amesukuma kwa nguvu kwa saa nzima bila kitu kutokea. Akizalia malishoni, na mvua haijawafikia, mwache hapo hadi wote wawili wazaliwe na walambwe. Ndipo uwabebe pamoja, chini karibu na ardhi, mbele ya pua yake, ukirudi nyuma polepole. Ukiwanyanyua hadi kifuani, mama hupoteza harufu na kurudi mbio pale alipozalia. Waweke kwenye kizimba cha mita 1.2 kwa 1.5 kwa siku moja au mbili, pamoja na maji na nyasi, ili mama asiwe na sababu ya kuondoka.

Njaa nayo huharibu umama. Karibu asilimia 70 ya uzito wa mtoto hujengeka katika wiki sita za mwisho za mimba. Mama aliyekonda hutoa dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) kidogo na nzito, na humwacha mtoto mapema akatafute malisho. Papasa uti wa mgongo wake: kwa kipimo cha unene cha 1 (mifupa mitupu) hadi 5 (mnene kupita kiasi), awe 3 anapozaa. Anayebeba mapacha mwanzishie gramu 200 za chakula cha nyongeza kwa siku, upandishe taratibu hadi nusu kilo, ukigawa asubuhi na jioni.

Mtoto akishazaliwa, chovya kitovu kwenye ayodini, kisha kamua kila chuchu mara moja au mbili. Utaona kizibo kigumu kama nta kikitoka; mtoto dhaifu hawezi kukinyonya kikatoka. Kipimo cha dang'a ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja: mtoto wa kilo 3 apate 150 ndani ya saa mbili za kwanza, na jumla ya 600 kufikia saa 24. Tumbo likiwa bapa, hajanyonya, hata kama amesimama chini ya mama.

Nunua kipimajoto umpime mtoto. Nyuzi 39 hadi 40 ni sawa. Kati ya 37 na 39, mkaushe, mnyweshe kwa mrija kama anainua kichwa, na mpashe joto. Chini ya 37 usimnyweshe kitu, kwa maana maziwa yataingia mapafuni. Na kama ana zaidi ya saa tano tangu azaliwe, usikimbilie kumweka karibu na jiko: akiba yake ya nishati imekwisha, na ukimpasha joto kabla ya kupata sukari anaweza kupata degedege na kufa. Huyo anahitaji kwanza sindano ya glukosi ya tumboni, na ni kazi ya mtaalamu wa mifugo.

Aliyekataliwa tayari, mshike mama amnyonyeshe mara nne au tano kwa siku, au mfunge kichwa kwenye kizimba, huku akiweza kula na kulala. Maziwa yake yakishapita ndani ya mtoto, harufu hubadilika na wengi hukubali baada ya siku mbili tatu.

Sasa, nani auzwe? Wa uzao wa kwanza msamehe; wengi hutulia uzao wa pili. Wengine wapime siku ya kuwavisha watoto hereni za utambulisho masikioni: ukimshika mtoto, mama anayekuzunguka akilia ni hazina. Anayekimbia na asirudi, muandike. Akirudia uzao unaofuata ilhali alikuwa na afya na hakubughudhiwa, muuze, pamoja na yeyote mwenye kiwele kilichokufa upande mmoja. Wala usimpime kwa idadi aliyozaa. Jumlisha kilo za watoto alioachisha kunyonya kwa mwaka.

Kumbuka pia kwamba Dorper alitengenezwa Afrika Kusini kwa maeneo makavu. Utafiti uliofanywa Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990 ulionyesha Red Maasai, kondoo wa kienyeji, akimpita kwa mbali katika kustahimili minyoo na kuokoa watoto mahali penye unyevu. Ol Kalou si Diani, lakini ni pa mvua, na kinga ya mama dhidi ya minyoo hushuka karibu na kuzaa. Akaguliwe kinyesi na utando wa jicho kipindi hicho, na apate chanjo ya pepopunda wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa ili kinga iingie kwenye dang'a.